UZI: Unafungua biashara Dodoma? Chagua jina linalotamkika, linaloandikika na linalopatikana Google

Mwandika Mabango (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni mabango na nembo hapa mjini, na siku hizi nawasaidia wateja pia kuweka biashara zao kwenye Ramani ya Google. Tangu Serikali itangaze kuhamia huku 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji 2018, biashara mpya hazikatiki. Nzuguni, Ilazo, Nkuhungu, Ipagala, kote kunafunguliwa kitu. Treni ya SGR ilipoanza kufika 2024 watu wakaongezeka tena. Kinachoniuma ni kwamba mtu anakopa, anapanga fremu, anajaza mzigo, halafu jina analichagua jioni moja na wenzake wakiwa wamekaa barazani. Jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye bango, risiti, mifuko, Instagram na kila mahali.

Majina mengi wanayoniletea watu ni yale yale: Capital fulani, Dodoma fulani, Makao Makuu fulani, Dom City fulani. Naelewa kwa nini. Mtu anaona fahari ya mji wake, na anaamini akiweka neno Dodoma basi Google itamweka juu. Fahari ni halali kabisa. Hilo la Google tutalizungumza chini, kwa sababu ndilo linalopotosha wengi.

Msimamo wangu ni huu: tafuta neno moja ambalo ni lako peke yako, lishikike kwa kulisikia mara moja, kisha maneno yanayoeleza kazi yako yakae pembeni yake. Usiyageuze maelezo ya kazi kuwa ndiyo jina zima.

Jipime hivi. Mpigie simu shangazi yako aliyeko Manyoni, mtajie jina mara moja tu bila kumtajia herufi, kisha mwombe akutumie hilo jina kwa meseji. Akiliandika sawasawa, umepata. Akiandika kingine, jua kwamba hata mteja aliyesikia jina lako ndani ya daladala ataandika hicho hicho kingine kwenye simu yake, na atakayempata ni mtu mwingine. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, na hiyo ni mali tunayoichezea. Mtu ana neno zuri la Kiswahili, analigeuza k kuwa q, s kuwa z mbili, anaongeza x mwishoni lionekane la kisasa. Kila herufi unayoipotosha ni mteja unayemlazimisha akariri.

Tena sikiliza r na l. Watu wengi huku kwetu hizo herufi zinabadilishana mdomoni, na mtu akitamka hivyo ndivyo anavyoandika. Jina lenye r na l pamoja, mfano Mirelo, litaandikwa kwa namna nne. Kama hujalipenda sana, achana nalo.

George Eastman alipobuni jina Kodak mwaka 1888 alikuwa anataka neno fupi, lisilotamkika vibaya, na lisilofanana na kingine chochote katika biashara yake. Halikuwa na maana yoyote. Maana ilikuja baadaye kwa kamera zenyewe. Huku si lazima ubuni neno kutoka hewani, maana tuna hazina. Mgahawa ukiitwa Mbukwa, Mgogo yeyote amesalimiwa kabla hajakaa, na mgeni kutoka Mwanza analitamka bila shida. Ilimba, muheme, zeze, hayo ni majina ya ala na ngoma za hapa hapa, mafupi, na yanaishia na irabu. Kabla ya kulibeba lolote, litafute kwanza BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) na Google uone nani ameshalitumia.

Kinyume chake angalia jina kama Kilimanjaro. Kuna bia, kuna maji, kuna hoteli, na juu ya yote kuna mlima wenyewe. Duka dogo likijiita hivyo, mtu akilitafuta atapewa picha za theluji na bei za kupanda mlima. Hata hapa mjini, ukiweka neno Kisasa kwenye jina la saluni, Google haijui kama mtu anatafuta saluni iliyoko mtaa wa Kisasa au saluni ya kisasa popote pale.

Karibuni, wenye maswali tiririkeni.

Zabibu Kavu

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nafungua duka la vifaa vya ujenzi Nkuhungu. Nilikuwa nimeamua niliite "Dodoma Vifaa vya Ujenzi Bei Nafuu", sababu ndivyo watu wanavyoandika wakitafuta. Kuna kijana ameniambia nitakuwa wa kwanza Google. Unasemaje?

Mwandika Mabango

Mkuu Zabibu, nimefurahi umeuliza kabla ya kulipia bango.

Google wenyewe wanaeleza kwamba matokeo ya biashara za karibu yanategemea mambo matatu: biashara yako inaendana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Mtu aliyeko Nkuhungu akitafuta saruji, umbali tayari unakubeba. Huhitaji kuandika Dodoma kwenye jina ili Google ijue uko Dodoma. Inajua kwa sababu umeweka alama yako kwenye ramani.

Kwenye tovuti pia zamani kulikuwa na huo mchezo. Mtu anasajili anwani ya tovuti yenye maneno yale yale yanayotafutwa, anaweka ukurasa mtupu, anapanda. Septemba 2012 Google walitoa badiliko lililolenga tovuti duni za namna hiyo, zikashuka. Leo maneno kwenye anwani peke yake hayakufikishi mbali.

Nisikufiche jambo moja. Watu wanaofanya kazi hizi za utafutaji wanaona kabisa kwamba kwenye ramani, jina lenye neno la bidhaa huwa linasaidia kupanda. Ndiyo maana utaona biashara nyingine zimejaza majina marefu kama tangazo la redio. Lakini sheria ya Google ni kwamba jina kwenye wasifu wa biashara liwe lile lile lililoko kwenye bango lako na wateja wanalokujua nalo. Ukiandika "bei nafuu" na jina la mji ambavyo havipo kwenye jina lako halisi, yeyote anaweza kupendekeza marekebisho, na wasifu unaweza kusimamishwa. Fikiria unasimamishwa msimu wa ujenzi, nyota zote na maoni ya wateja hayaonekani.

Njia halali ipo, na ndiyo ninayoipendekeza kwako: neno lako la pekee, kisha neno moja la kazi. Tuseme "Muheme Hardware", au "Muheme Vifaa vya Ujenzi". Lisajili hivyo, bango liandikwe hivyo, risiti itoke hivyo. Hapo neno la kazi limo ndani ya jina kwa haki, na bado ukibaki na "Muheme" peke yake watu wanakujua.

Hayo mengine yote uliyotaka kuyabana kwenye jina yana nafasi yake kwenye wasifu. Kuna sehemu ya aina ya biashara: chagua inayokuhusu kweli, usichukue ya jumla mno. Kuna sehemu ya bidhaa: weka nondo, saruji, bati, misumari, rangi, kila moja na picha yake uliyoipiga dukani kwako, siyo ya kuchukua mtandaoni. Kuna maelezo: andika unapatikana karibu na nini, unafikisha mzigo mpaka wapi. Halafu maoni ya wateja. Fundi akiandika "nimechukua bati geji 30 hapa, wameniletea saiti Mtumba siku hiyo hiyo", sentensi hiyo moja ina maneno yote ambayo ulitaka uyabebeshe bango. Mwombe kwa heshima aandike akimaliza kununua. Usimpe soda wala punguzo ili akusifie, hilo nalo Google wanalikataza.

Mwana UDOM

Lakini mkuu, majina ya Kiingereza si ndiyo yanaonekana ya hadhi? Wateja wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, ni watumishi, wabunge wakija vikao, watu wa mashirika.

Mwandika Mabango

Inategemea huyo mtu anaandika nini kwenye simu. Chukua simu yako, fungua Google, andika neno la kazi yako na Dodoma, halafu usibonyeze kitu. Soma yale mapendekezo yanayojitokeza chini. Yanatokana na vitu ambavyo watu wametafuta kweli. Utaona kazi nyingine zinatafutwa kwa Kiingereza hata na Waswahili: lodge, stationery, car wash. Nyingine watu wanaandika Kiswahili: fundi friji, nyumba ya kupanga, shule ya udereva. Neno la kazi unalibandika kwa lugha ambayo mteja wako anaitumia. Neno lako la pekee linaweza kuwa la lugha yoyote maadamu shangazi wa Manyoni analiandika.

Na hadhi, mkuu, mimi sikubali kwamba imo kwenye Kiingereza. Azam ni jina la watu wa hapa hapa, na hakuna mtumishi anayeona haya kulitaja.

Asali ya Porini

Habari za jioni wadau. Mimi nauza asali kutoka Itigi, napaki mwenyewe na kuleta Dodoma na Dar. Nimesajili jina la biashara BRELA. Juzi nimeona mtu Instagram anauza asali kwa jina linalofanana kabisa na langu, hata rangi ya lebo. Nikamwambia nimesajili, akaniambia na yeye amesajili. Inawezekanaje?

Mwandika Mabango

Pole sana dada. Hili linawakuta wengi, na wanaolijua ni wachache, nalieleza kwa urefu kidogo.

Kusajili jina la biashara chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, kunaitambulisha biashara yako: nani anaimiliki, iko wapi, inafanya nini. BRELA hawatapitisha jina linalolingana na lililoko tayari kwenye daftari, lakini mtu akiongeza neno moja mbele au nyuma anaweza kupita. Usajili huo haukupi umiliki wa neno lenyewe sokoni.

Kinachokupa umiliki ni alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, Sura ya 326. Ni BRELA hao hao, maombi yanapita kwenye mfumo ule ule wa mtandaoni wa ORS, lakini ni usajili mwingine kabisa. Unachagua madaraja ya bidhaa au huduma zako. Yapo 45 kwa mfumo wa kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na asali iko daraja la 30. Ikisajiliwa inalindwa miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ukumbuke inakulinda Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, kwa hiyo kama mzigo wako unavuka bahari, na kule unasajili.

Sasa hapa ndipo uchaguzi wa jina unaporudi. Alama ya biashara haikubaliwi kirahisi kama inaeleza bidhaa tu. "Asali Safi" kwa ajili ya asali ni vigumu uipate iwe yako peke yako, kwa sababu kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni safi. Na "Itigi" ni jina la mahali, wenzako wa kule nao wanalitumia kwa haki. Kama jina lako limejengwa kwa maneno hayo mawili tu, mwanasheria hana pa kukusimamia. Neno la pekee linakulinda mahakamani na pia linakutofautisha Google. Mtu akilitafuta anakupata wewe, hapati orodha ya wauza asali wote wa Singida na Tabora.

Kwa huyo jamaa, tunza ushahidi: picha za lebo zako za mwanzo, risiti za matangazo, tarehe ulizoanza kuposti. Matumizi ya awali yana uzito hata kabla ya usajili. Kisha muone wakili anayefanya kazi za miliki ubunifu.

Mzee wa Area C

Vijana, mnasumbuka bure. Kuna bucha hapa kwetu halina hata bango, na jioni watu wanapanga foleni. Huduma ndiyo jina.

Mwandika Mabango

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwenye huduma. Jina zuri halijawahi kulainisha nyama ngumu.

Ila naomba nikuulize: mkielekezana kwenda kwenye hilo bucha mnasemaje? Lazima kuna namna. "Pale kwa Mpare", "pale kwenye mbuyu", "kwa yule mama". Hilo ndilo jina lake, mtaa umeshampa bila yeye kuomba. Na mimi mteja akija na biashara ambayo mtaa umeshaibatiza, namsihi aichukue ile ile ya mtaa. Akiandika "Executive Meat Point" juu ya bucha ambalo wote wanaliita Mbuyuni, atakuwa na biashara mbili: moja kwenye ramani ambayo hakuna anayeitafuta, na nyingine midomoni mwa watu ambayo haipo kwenye ramani. Mgeni aliyeshuka stendi ya Nanenane akaambiwa "nenda Mbuyuni" ataandika Mbuyuni, hatapata kitu.

Mzee wa Area C

Marahaba. Hapo umenena. Tunasema kwa Mpare kweli.

Mteja wa Kila Siku

Mimi naongezea upande wa mnunuzi. Nimewahi kusimama dukani, bango linasema jina moja, nikilipa kwa lipa namba linatokea jina la mtu nisiyemjua kabisa. Nikaghairi, nikaenda kutoa hela kwa wakala. Siku hizi utapeli ni mwingi.

Mwandika Mabango

Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na linaingia moja kwa moja kwenye mada.

Jina linatakiwa liwe moja kila mahali: bango, risiti ya EFD, lipa namba, ukurasa wa Instagram, wasifu wa Google, mhuri. Siyo sehemu moja "Muheme Hardware", pengine "Muheme H/W Ent.", na kwenye simu jina la shemeji. Mteja akiona tofauti anaogopa. Na Google inakusanya habari zako kutoka sehemu mbalimbali, ikikuta jina, simu na mahali vinalingana inakuwa na uhakika kwamba ni biashara ile ile.

Ndiyo maana kabla sijachora chochote namwambia mteja tukae na simu, tuangalie jina liko wazi sehemu zote kwa mkupuo. ORS ya BRELA kwanza. Halafu Instagram, ambayo inakupa herufi zisizozidi 30, na TikTok isiyozidi 24. Jina la maneno matano linakatikia hapo. Halafu anwani ya tovuti. Hata kama tovuti hujengi mwaka huu, isajili mapema maana gharama yake kwa mwaka ni ndogo ukilinganisha na bango lenyewe.

Mwana UDOM

.com au .co.tz?

Mwandika Mabango

Kama wateja wako wako nchini, .co.tz. Kiishio cha .tz kinaiambia Google kwamba unalenga Tanzania, na mteja pia anaamini zaidi. Ukiweza, chukua na .com mtu mwingine asije akakaa nayo. Epuka vistari katikati ya jina. Jaribu kumtajia mtu kwa simu "muheme kistari hardware nukta co nukta tz" uone atakachoandika.

Dereva wa Majengo

Na ikitokea jina limekuwa kubwa mpaka likawa la kila mtu? Hivi vyombo vyetu ni Bajaj ile kampuni ya India, lakini hata TVS tunaiita bajaji.

Mwandika Mabango

Kweli kabisa, na kiwi ya viatu ni vile vile, na pampasi. Kampuni kubwa hilo linawasumbua kwa sababu jina likigeuka kuwa la bidhaa yote, kulilinda kisheria kunakuwa kugumu. Kwa duka la Majengo bado ni mbali.

Salama Saluni

Mimi nina saluni Chang'ombe, miaka kadhaa sasa. Jina langu ni la yale uliyoyataja juu, linafanana na saluni nyingine tatu hapa mjini, wateja wanampigia mwenzangu wakidhani ni mimi. Nibadilishe au nimechelewa?

Mwandika Mabango

Dada Salama, kama wateja wanapotea kila wiki, badilisha. Lakini fanya kwa mpango, kwa sababu jina la zamani haliondoki vichwani haraka. Tumeona Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, wakapaka rangi mpya kila ukuta wa nchi. Mwaka 2024 Tigo imekuwa Yas, na bado ukienda kwa wakala watu wanasema Tigo Pesa. Hao wana hela za kutangaza usiku na mchana. Wewe una wateja wako tu, kwa hiyo uwabebe nao.

Namba ya simu usiibadilishe kabisa. Peleka taarifa ya mabadiliko BRELA kwanza, na TRA, na halmashauri kwa ajili ya leseni, ndipo uguse mtandao. Kwenye Google usifungue wasifu mpya. Ingia kwenye ule ule wa zamani uhariri jina, ili maoni na nyota ulizozipata kwa jasho zibaki. Instagram vivyo hivyo, badilisha jina la akaunti iliyopo, wafuasi wanabaki. Kama una tovuti, anwani ya zamani iendelee kulipiwa na imwelekeze mtu kwenye mpya.

Bango jipya liwe na mstari mdogo chini, "zamani" na jina la mwanzo, ukae mpaka uone simu za kuuliza mmehamia wapi zimekoma. Mstari huo kwangu hauongezi bei. Na kabla ya yote niandikie hapa majina matatu unayoyafikiria, wadau wayatamke, tuone lipi linaandikika bila kuuliza.

Salama Saluni

Asante sana kaka. Nakaa na mdogo wangu leo, kesho nayaleta hapa.